Neno Nililolizunguka

Jina la baba mkwe wangu sitaliandika hapa. Kwetu Masisi, katika nyumba zinazosema Kinyarwanda, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mumewe. Na si jina peke yake; hata neno lililokaa ndani ya jina hulikwepa. Ndani ya jina la baba mkwe wangu wazazi wake walikuwa wameweka mnyama: yule anayebweka mgeni akifika, anayemfuata mchungaji malishoni, mwenye pua yenye majimaji. Basi tangu siku nilipoingia katika boma lile nikiwa bibi arusi, mnyama huyo sikumtaja tena. Nilimwita yule wa mlangoni.

Mama mkwe wangu, Mama Mukandori, ndiye aliyenifundisha. Siku za kwanza nilikaa kimya sana, nikiogopa kuteleza. Akaniletea uji, akaketi karibu nami.

“Unanyamaza nini, mutoto wangu? Weye ulikatazwa kidogo tu. Baba mkwe wangu alikuwa na jina la mvua. Wazia! Hapa Masisi, mvua kila siku, na miye siwezi kuitaja!”

“Sasa ulikuwa unasema aje, Mama?”

“Nilisema, ‘Ile ya kutulowesha imerudi.’ Nilisema, ‘Mbingu imefunguka.’ Siku moja maharage ilikuwa inje, nikapiga kelele, ‘Ingizeni, ingizeni, munajua wenyewe!’”

Tulicheka mpaka uji ukapoa. Tangu hapo niliwasikiliza wanawake wakubwa kwa makini. Kila mmoja alikuwa na maneno yake aliyoyazunguka, na mimi mgeni nilipaswa kukisia anazungumzia nini. Sikuuliza. Niliyatazama maneno yaliyokaa jirani na lile nisilolijua, nikangoja. Likirudi siku nyingine, mahali pengine, nilikuwa nimelifahamu.

Mume wangu, Callixte, alikuwa amechukuliwa kwenda migodi ya Walikale, kuchimba mawe ya bati msituni. Alirudi mara chache, amekonda, kisha akaenda tena. Nililima na wakwe zangu. Mtoto sikuwa naye bado, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kunisema kwa hilo. Wema huo nimeukumbuka siku zote.

Mwaka wa hamsini na tatu kaka yangu Raphaël alirudi kutoka Uganda, alikokwenda kulima pamba ya watu. Alileta chumvi, shuka ya mama yetu, na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Alikikuta sokoni kwa mwuza tumbaku, ambaye alikuwa akichana kurasa ili wateja wasokotee sigara. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kuvutwa.

“Nilikumbuka namna ulikuwa unasoma hata karatasi ya kufungia sabuni,” Raphaël aliniambia. “Nikamuambia yule mzee, niachie yote. Tumbaku yangu nikavutia mu kiko.”

Nilikuwa nimejifunza kusoma Kiswahili misheni, katika darasa la katekisimu. Kifaransa kilikuwa cha wavulana. Sisi wasichana tulipewa sindano na uzi. Kiingereza hakikuwa cha mtu yeyote. Tena kilitiliwa shaka: tangu machafuko ya mwaka wa arobaini na nne upande wa Walikale, yaliyosemwa kuwa yaliletwa na vitabu vya dini vya Kiingereza, karatasi yenye Kiingereza iliwafanya wakubwa waulize maswali. Kapita, msimamizi wa shamba la Mzungu, aliponiona na kitabu, alisema, “Mwanamuke na Kingereza? Utafungwa, na hautajua hata kitu gani ilikufungisha.” Nikamjibu kwamba nikifungwa nitapata nafasi ya kukimaliza. Nilikificha katika kikapu cha mbegu, na kila siku nilikitoa.

Kila Jumapili baada ya ibada Raphaël alinisomea ukurasa kwa sauti, nipate kusikia herufi zinavyolia. Alijua Kiingereza cha shambani: njoo, beba, haraka, kesho. Kitabu kilikuwa na maneno ambayo hakuwahi kuyasikia.

“Hii sijue, dada. Huko Uganda hakuna muntu alinisemesha hivi.”

“Soma tu. Tutalingoja.”

Kilikuwa hadithi ya mchungaji mzee katika milima yenye baridi, na binti yake, na yule mnyama wao. Shangazi wa binti alitaka kumwoza kwa mwenye duka, na binti hakutaka. Nilikisoma kama nilivyowasikiliza wanawake wa bomani. Palikuwa na neno *mist*. Katika ukurasa mmoja lilikaa karibu na asubuhi, katika mwingine lilificha kondoo, katika mwingine likainuka kutoka mtoni. Siku moja nilitoka kwenda kuchota maji, ukungu umelala bondeni mpaka migomba haionekani, nikasimama na mtungi wangu nikasema kwa sauti, “Mist.” Hakuna aliyeniambia. Nililiona kwa macho yangu.

Neno nililolipenda kuliko yote ni *stubborn*. Mbuzi aliyekataa kamba aliitwa hivyo. Kufuli lililokataa ufunguo liliitwa hivyo. Kisha shangazi akamwita binti hivyo, naye binti hakukana. Nililichukua shambani nikalima nalo siku nzima.

Hivyo yaliongezeka. Kwa jambo moja kitabu kilikuwa na maneno mengi: kulia kwa sauti, kulia bila sauti, kulia huku unaficha uso. Kwa uchungu pia. Uchungu unaochoma, unaobana, unaokuja na kuondoka, unaokaa tu bila kusema. Hayo niliyasoma polepole zaidi kuliko mengine, kwa sababu ya Françoise.

Françoise alikuwa wifi yangu, dada mdogo wa Callixte. Mimba yake ilipomsumbua, kabla kitabu hakijafika, tulimpeleka dispensari ya misheni ya Waprotestanti, karibu na barabara ya Mushaki. Aliyetibu pale alikuwa mwanamke wa Kizungu tuliyemwita Misi. Hakujua Kifaransa vizuri, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu. Mkalimani alikuwa Honoré, kijana mwenye koti jeupe. Françoise angemwambiaje mwanaume? Alitazama chini, akasema, “Huku chini ya mukanda kunanisumbua.” Honoré akatafsiri kwamba tumbo linauma. Misi akampa dawa ya tumbo kwa mikono miwili, kwa upole sana, na tukaenda nyumbani. Tulimzika kabla maharage hayajakomaa.

Ndiyo maana iliposikika kwamba Misi anatafuta mwanamke anayejua Kiingereza ili awe mdomo wa wanawake wajawazito, nilisema ninakwenda. Nilimwambia Baba mkwe uani, nikiwa nimepiga magoti na macho chini, kama ipasavyo. Lakini nilisema “ninakwenda,” sikusema “naomba.”

Aliendelea kuchonga mpini wa jembe.

“Wale watu wa Kingereza,” alisema, “miye ninawajua kidogo. Hawajue kuheshimu muntu. Ukirudi hapa bila heshima, ile kitabu itaingia moto, na kule dispensari hautaenda tena.”

“Basi twende pamoja, Baba. Uone mwenyewe nitasema nini.”

Mama Mukandori, jikoni, alidondosha mwiko. Baba mkwe akageuza mpini, akautazama kama umepinda.

“Tutaenda,” alisema.

Tulikwenda siku ya mvua. Alivaa koti lake kuukuu la askari, na njiani alikata jani kubwa la mgomba, akanipa mimi, akaacha kichwa chake kilowe.

Chumba cha dispensari kilikuwa kimejaa wagonjwa waliokimbia mvua. Misi alikuwa mrefu, uso umeiva kwa jua, mikono imepasuka kwa kunawa. Alipomwona mzee amesimama mlangoni akichuruzika maji, alinyanyua kiti chake mwenyewe, akakifuta kwa aproni, akamwekea. Yeye akabaki amesimama. Hilo nililiona, nikamhesabia.

Lakini kwa kiti hicho Baba mkwe alikuwa ameketi mbele yangu kabisa, magoti yake karibu na yangu.

Misi alichukua kadi za picha, zile za watoto wa shule za kwao. Honoré alieleza kwa Kiswahili: nitaonyeshwa picha, nitasema jina la kitu kwa Kiingereza. Atakayekosa kadi ya kwanza atarudi nyumbani. Wanawake wawili kabla yangu walikuwa wamekwisha kurudi.

Misi akainua kadi ya kwanza. Masikio mawili, mkia, ulimi nje. Yule wa mlangoni.

Neno la Kiingereza nililijua. Ni fupi, la herufi tatu, kitabu changu kilijaa hilo. Nilijiambia, hiki ni Kiingereza, si lugha yetu, na Baba mkwe hatafahamu. Kisha nikamsikia Mama Mukandori akilini, siku niliyomwuliza habari hiyo. “Mutu akivaa suruali ya Mzungu anakuwa mutu mwingine? Na neno njo vile vile.” Nikamtazama Baba mkwe. Alikuwa ameiona picha. Mikono yake ilishika magoti kwa nguvu.

Nilifunga kinywa.

“Thacienne, sema basi!” Honoré aliniambia. “Hii njo ya watoto.”

Akaongeza:

“Walituambia uko na kitabu nzima ya Kingereza. Ulikuwa unaisoma ao unafunikia sufuria?”

Wagonjwa walicheka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni hakucheka. Alinisogezea nafasi kwenye benchi, kana kwamba nimechoka. Misi alikuwa anaishusha kadi taratibu, kwa huruma, na huruma yake ilinikera kuliko kicheko. Akilini nikamwona tena Françoise akipokea dawa ya tumbo.

Nikasema kwa Kiingereza, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka:

“Huyu analinda mlango usiku na mchana. Anamfuata mchungaji. Kondoo akipotea katika ukungu, yeye humpata. Adui akija hunguruma, rafiki akija hutikisa mkia. Hali mpaka bwana wake amekula. Ni mwaminifu.”

Neno nililolitumia mwisho lilikuwa *faithful*. Kitabu kililisema juu ya mnyama yule alipolala usiku mzima katika theluji mlangoni kwa mchungaji mgonjwa.

Kicheko kilikwisha. Misi alinitazama, kadi ikiwa hewani.

“Vizuri,” alisema. “Na anaitwaje?”

“Nalijua jina lake. Sitalisema.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ni la mtu. Umempa kiti chako.”

Alimtazama mzee, akanitazama mimi. Hakuelewa, na sikuweza kumlaumu.

“Neno moja tu,” alisema. “Liseme mara moja, tuendelee na kadi nyingine. Nisipolisikia, siwezi kukuchukua. Wenzako wawili nimewarudisha kwa kadi hiyo hiyo.”

“Hapana.”

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Labda kwa binti wa mchungaji. Maneno yalikuja moja baada ya jingine, mengine yamepinda, lakini yalikuja.

“Misi, wanawake wetu wakija hapa na aibu, hawatalisema jina la kinachowauma. Watalizunguka. Françoise, wifi yangu, alilizunguka hapa, mahali hapa niliposimama. Alisema ‘chini ya mkanda.’ Ukampa dawa ya tumbo. Amekufa, na mtoto ndani. Mimi nilikuwa nimemshika mkono na sikuwa na Kiingereza hata kidogo. Sasa ninacho. Unataka mtu wa kuwalazimisha walitaje, au mtu anayeweza kuzunguka pamoja nao mpaka mfike?”

Nje mvua ilikuwa inapiga bati. Misi aliketi juu ya sanduku la dawa.

Honoré alikuwa amesikia jina la Françoise. Aliniuliza polepole, kwa Kiswahili, “Yule dada wa mukanda? Alikufa?”

“Alikufa.”

“Hakuniambia, Mama. Miye ningejua namna gani?”

“Ninajua, kaka. Hakuweza kukuambia weye.”

Baba mkwe akainua kichwa. “Honoré, wanamutaka aseme nini?”

“Mzee, wanamutaka aseme jina ya ile…” Honoré alinyoosha kidole kwenye kadi, kisha kidole kikasimama. Alikuwa mtoto wa milima hii. Alimjua mzee yule na aliujua ukoo wake. Niliona jina lilipomfikia. Alishusha mkono, akasema, “Ni mambo ya masomo tu, Mzee. Anaiweza.”

Akamgeukia Misi na kumnong’oneza kwa Kiingereza chake kifupi. Nilisikia “baba wa mume” na “jina” na “heshima.” Misi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaigeuza kadi ikalala kifudifudi juu ya meza, na zile nyingine zote juu yake, bila kunionyesha hata moja.

“Nilipaswa kuwauliza na wale wawili kwa nini,” alisema. Halafu akanitazama, na mdomo wake ukawa karibu kucheka. “Wewe ni *stubborn*.”

Lilikuwa neno la kwanza la kitabu changu nililowahi kulisikia katika kinywa cha mtu mwingine asiye Raphaël.

“Ndiyo, Misi,” nilisema. “Hata mbuzi wetu.”

“Uje Jumatatu,” alisema. “Na hao wawili, ukiwajua, waambie warudi.”

Mvua ilipopungua tulishika njia. Baba mkwe alitangulia, mimi nyuma, mpaka kijito cha chini ya kilima. Hapo aliketi juu ya jiwe, akaosha miguu yake matope, kisha hakuinuka.

“Ile neno,” alisema. “Ile ya picha. Ninaijua.”

Nilisogea karibu na jiwe.

“Mu vita ya kwanza tulibeba mizigo ya waaskari mpaka Tabora. Nilikuwa kijana, nywele haijatoka hata hapa kidevuni. Kule tukakutana na bakubwa ya Kingereza. Mukalimani akamuambia mumoja wao jina langu iko na maana gani. Huyo Mzungu akacheka sana. Tangu ile siku hakuniita tena kama muntu. Alipiga mluzi, akaita ile neno yao, na wenzangu wote wanasikia. Mpaka tuliachana. Njo Kingereza yangu yote, mwanangu. Neno moja.”

Maji yalipita kati ya vidole vyake vya miguu.

“Leo nikaona ile picha, nikasema, sasa ataiita, na miye niko hapa juu ya kiti. Ukasema maneno mingi, mingi! Nikangoja ile moja. Haikukuya.”

“Haikuja, Baba.”

“Sasa sikia.” Alijifuta uso kwa mkono wa koti. “Hapa hakuna muntu. Miye mwenyewe ninakuruhusu. Itamke. Niisikie mu kinywa ya muntu ya nyumba yangu, ipate kuisha.”

Nilikuwa sijawahi kumkatalia jambo alilonitaka nilifanye. Nilipiga magoti kwenye majani mabichi, lakini safari hii sikuangalia chini.

“Hapana, Baba.”

“Unanikatalia?”

“Ninakukatalia. Yule Mzungu alikuwa na neno moja tu kwako. Miye niko nayo mengi.”

Nikampa. Nilimsemea kwa Kiingereza, moja moja, kama mtu anayepanga maharage ya mbegu mkekani, na kila moja nikamwambia maana yake: anayelinda, anayefuata bila kuchoka, anayesikia kabla ya wengine, asiyeacha mlango. Alisikiliza amefumba macho. Lile la mwaminifu alinitaka nilirudie. Nikalirudia. Akajaribu mwenyewe, likamkwama kwenye meno, akatema, akajaribu tena. Akaanza kucheka, mzee yule ambaye sikuwahi kuyaona meno yake ya nyuma, akacheka mpaka akashika jiwe kwa mikono miwili.

Tulipanda kilima polepole. Kila tulipopumzika alilisema tena, kwa sauti ndogo, kisha kubwa kidogo.

Kabla hatujafika bomani yule wa mlangoni alitusikia, akatoka mbio akibweka, matope mpaka tumboni. Baba mkwe akasimama katikati ya njia, akanyoosha mkono, akaita kwa nguvu, majirani wa kilima cha pili wakasikia:

“Feisfuli! Kuya huku!”

Mama Mukandori akatokeza kichwa jikoni, macho katika moshi.

“Mugeni gani huyo mumemuleta,” aliuliza, “na miye nimepika chakula kidogo?”